Kisu Kinachojikunja

Jua lilikuwa limebakiza urefu wa mkuki mmoja juu ya vilima vya Haneti Matonya alipotoka kwenda korongoni kuchuna magome ya kamba. Kesho yake kijiji kilikuwa na sadaka ya mvua. Kondoo mweusi alikuwepo, kamba ya kumfungia haikuwepo. Kuchuna magome ni kazi ndogo, hata mama mjamzito angeifanya huku anaimba. Matonya aliifanya huku anasaga meno.

Siku ile tumbo lake lilijaa kitu ambacho si chakula.

Njaa ilikuwepo, nisiseme uongo. Mvua ilikuwa imechelewa miezi miwili, watu walikuwa wanalamba ubuyu na kuuita chakula cha jioni. Lakini kilichomjaa Matonya kilikuwa kijicho. Kile kinachoanzia kooni kama mfupa wa kuku, kisha kinashuka polepole, kikikwaruza.

Kilianza mchana ule ule, kwenye kivuli cha tembe la mzee Chibago, wazee walipokaa kupanga sadaka. Katikati yao alikaa Yotham, aliyerudi juzi kutoka kwenye kazi za reli ya Wadachi. Huyu Yotham hakuwa mtu wa pembeni kwa Matonya. Alikuwa rika lake, na zaidi ya rika, alikuwa somo wake. Walizaliwa siku moja, siku mvua ya kwanza ilipodondoka baada ya njaa kubwa, na bibi mkunga, ambaye hakuwa na muda wa kutafuta majina, akawaita wote wawili Matonya, yaani matone. Matonya wa nyumba ya juu, Matonya wa bondeni. Ukimwita mmoja, wanageuka wawili. Baadaye wa bondeni alikwenda kwa wamisheni wa Mvumi, akarudi na maji kichwani na jina jipya la Yotham. Kijiji kizima kikashukuru. Tangu hapo jina la zamani likamwondoka kama ngozi ya nyoka, na hata Matonya mwenyewe hakulitumia. Wao walikuwa wanaitana "somo" tu.

Basi mchana ule Yotham alitoa kitu mfukoni. Ndiyo, mfukoni, maana alikuwa amerudi na kaptula.

"Mbona ni kipande cha pembe tu?" akauliza mzee Chibago.

"Subiri, babu."

Akachomeka ukucha. Akavuta.

*Tak!*

Mzee Chibago, ambaye alikuwa hajasimama bila kushikwa mkono tangu Wadachi wajenge boma la Kilimatinde, alisimama peke yake.

"Toba! Kimetoa ulimi!"

Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Yotham akakifunga, *tak*, akakifungua, *tak*, akaeleza kwamba msimamizi mmoja wa Kidachi alimpa siku Yotham alipomvusha mto Mdachi huyo akiwa na homa. Kisha akakiweka chini ili wengine wakitazame. Kwao kitu chenye makali hakipokezanwi mkono kwa mkono. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota, ili ardhi iwe shahidi. Kikawekwa chini, kikaokotwa, kikawekwa, kikaokotwa, mpaka kikamfikia Matonya.

Alitaka kukichukia. Mungu anajua alijitahidi.

Lakini kilikaa kiganjani kama kimezaliwa hapo. Si kizito, si chepesi. Mpini wa pembe ya mnyama wa Ulaya, wenye mikunjo ya kushika vidole, na kwenye ncha zake vifuniko vya shaba. Ubavuni mwa bapa palichimbwa kijishimo cha ukucha, kana kwamba aliyekitengeneza alikuwa amepima kidole gumba cha Matonya. Ndani yake mlikuwa na kamani iliyovuta kwa nguvu, kisha ghafla ikakubali, kama msichana aliyekwisha amua. Akapitisha makali kwenye mkono wake. Vinyweleo vikaondoka bila kuaga.

Kilikuwa kizuri. Hilo ndilo lililomuuma.

"Unakionaje, somo?" Yotham akauliza, na uso wake haukuwa na ubaya wowote.

"Kidogo," akasema Matonya. "Cha kukatia kucha za wanawake."

Watu wakacheka tena. Ila walikuwa wanamcheka yeye, kwa sababu kisu alikuwa hajakiachia.

"Kiweke chini, mwanangu," akasema mzee Chibago. "Na kesho, hicho ndicho kitakachogawa nyama ya sadaka. Mvua itaona tumeipa kitu kipya."

Hapo ndipo mfupa ulipoingia kooni. Kugawa nyama ya sadaka ilikuwa kazi ya Matonya, na kabla yake ya baba yake. Mwenye kugawa ndiye anayekula kidari, ndiye anayetajwa kwanza kwenye maombi, ndiye watoto wanayempisha njiani. Kisu chake kilifuliwa kutokana na jembe lililochakaa, na mpini wake umezungushiwa mshipa wa ng'ombe. Miaka kumi na mmoja hakuna aliyekicheka.

Kama hiyo haikutosha, mkewe Dorkasi, aliyekuwa anapita na kibuyu cha togwa, alisimama akatazama, akasema, "Kisu kama hicho hata mwanamke angekitembeza ndani ya nguo." Akacheka kwa meno yote. Meno yale Matonya alikuwa hajayaona tangu mwaka wa mavuno.

Sasa mnaelewa kwa nini huko korongoni alikuwa anauchuna ule mti kama anamchuna mtu.

Akachuna ukanda wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu, kisu chake cha jembe kikakwama. Akavuta. Mpini ukabaki mkononi, chuma kikabaki mtini.

Akautupa mpini.

Korongo lilikuwa kimya. Hakuna nyenje, hakuna kwale. Kisha ikaja harufu... Harufu ya mvua inapogusa udongo mkavu. Matonya akainua uso. Angani hapakuwa na wingu hata la kufutia jasho.

"Mbukwa," sauti ikamsalimu.

Akageuka. Penye mchanga, hatua kumi hivi, palikuwa na kitu alichodhani ni mzigo wa kuni ambao mtu ameusahau. Kumbe ule mzigo ulikuwa na uso. Alikuwa mtu aliyekaa amejikunja, magoti yamepita masikio, kidevu kimelala juu ya vidole vya miguu.

"Mbukwa," Matonya akaitikia, maana salamu hainyimwi. "Mgeni, umetoka wapi?"

"Mbali. Nimechoka kukaa hivi." Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. "Leo umeona kisu."

Halikuwa swali.

"Nimekiona."

"Kimekuuma."

"Kisu gani kinachouma kikiwa kimefungwa?" Matonya alijaribu kucheka. Cheko lilitoka peke yake, bila yeye.

"Mimi ninacho kizuri zaidi," akasema mgeni. Akasimama.

Hapana, hakusimama. *Alikunjuka.* Kwanza vifundo vya miguu. *Tak.* Magoti. *Tak.* Kiuno. *Tak.* Akaendelea kukunjuka mpaka kichwa chake kikapita matawi ambayo Matonya asingeyafikia kwa fimbo. Kisha akainama na kunyoosha mkono. Kiganjani palikuwa na mpini mweupe.

Mtu mwenye akili angekimbia. Lakini mwenye kijicho macho yake yako kwenye kitu, miguu yake haina msimamizi.

"Weka chini," Matonya akanong'ona. "Kwetu chenye makali hakipokezanwi mkononi."

"Chini pana masikio," mgeni akanong'ona naye. "Pokea."

Akapokea.

Ulikuwa mfupa, na ulikuwa na joto, kama yai lililotoka chini ya kuku sasa hivi. Hakuona kijishimo cha ukucha. Hakuona kamani wala shaba. Akawa anajiuliza kinafunguliwaje, na kabla hajamaliza kujiuliza kikawa kimefunguka. Bila sauti. Bapa lilikuwa jeusi, halikurudisha mwanga wa jua lile jekundu, liliumeza. Akagusisha makali kwenye ukanda wa gome. Hakukata. Aligusisha tu. Gome likaachana, kama watu wawili waliokuwa wanangoja ruhusa. Uzito wake? Hakuweza kuusema. Kilikuwa na uzito ule ule wa mkono wake mwenyewe. Kisu cha Yotham, mbele ya hiki, kilikuwa kichezeo cha Mdachi mgonjwa.

Akatamani kijifunge. Kikajifunga.

*Tak.*

"Unataka nini?" akauliza Matonya. "Mbuzi sina."

"Mbuzi nimpeleke wapi? Nipe jina. Jina la yule aliyekukalia kooni. Kesho jua likigusa kilima nitakuja mlangoni kumwita. Akiitika, ni wangu. Nawe utabaki na kisu, na nyama, na mke atakayekucheka kwa meno yote."

Matonya hata hakupepesa macho. Neno la kwanza lililomjia ni Yotham, likafika kwenye ulimi, akalishika. Akajiona mjanja. Akawaza: Yotham ni jina la kitabuni. Limeandikwa na Wazungu kwa wino. Kitu cha korongoni kinajua kusoma? Kitalipata wapi? Ukitaka mtu ashikwe, mtaje kwa jina alilopewa na mkunga, lililoingia na maziwa. Ndivyo wazee wanavyofanya, na ndivyo inavyotakiwa.

Basi akalitaja. La mkunga.

"Matonya," akasema.

Mgeni akaanza kujikunja tena. Kiuno, magoti, vifundo, *tak, tak, tak,* mpaka akawa mzigo wa kuni.

"Asante," mzigo ukasema. "Asante sana, Matonya."

Matonya alikuwa amefika nusu ya njia ya nyumbani miguu yake iliposimama yenyewe. Alikuwa hajamwambia mgeni anaitwa nani. Akasimama hapo, jasho likimtoka mgongoni. Kisha akajituliza. Labda yule mtu alikuwa anarudia tu jina alilopewa, ili asilisahau. Ndiyo. Lazima iwe hivyo. Na kisu pale kiunoni kilikuwa na joto zuri, linalobembeleza.

Kesho yake asubuhi Matonya aligawa nyama.

Mzee Chibago alimpa Yotham aanze. Kisu cha Mdachi kilikata vizuri mpaka kikafika kwenye kiungo cha paja, kikateleza, Yotham akajikata kidole. "Sijazoea, babu," akasema, akanyonya damu na kucheka. Matonya akasogea bila kuitwa. Akatoa mpini mweupe. Watu wakaona bapa jeusi likipita kwenye mfupa kama mkono unavyopita kwenye ugali wa uwele. Paja, mbavu, shingo. Haikuchukua muda wa mtu kuvuta ugoro na kupiga chafya.

"Heee!" wakasema watu.

"Hicho nacho umekitoa kwa Mdachi gani?" akauliza Yotham. Macho yake yalikuwa na mshangao wa kweli.

"Wengine hatuendi mbali kutafuta," akajibu Matonya.

Akapewa kidari. Akatajwa kwanza kwenye maombi. Dorkasi akamletea maji ya kunawa kwa magoti yote mawili. Kwa muda wa kula kidari kimoja, hapakuwa na mtu mwenye furaha kama yeye kutoka Haneti mpaka Chemba.

Ila kulikuwa na mambo. Nyama aliyoikata haikutoa tone la damu. Nzi waliijia, wakaizunguka, wakaondoka. Mbwa wa mzee Chibago, ambaye kwa njaa ile alikuwa anakula mikanda, alitupiwa mfupa, akaunusa, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Aliyeyaona yote ni Mbwana. Huyu alikuwa mfanyabiashara Mrangi wa Busi, aliyepita kila mwezi na punda wake watatu wenye chumvi na tumbaku. Nyama ya sadaka hakula, kwa kuwa haikuchinjwa na Mwislamu, basi alikuwa amekaa pembeni na mihogo yake mikavu akitazama wengine wanavyokula, na mtazamaji ndiye anayeona. Punda wake walikuwa wamegeuza makalio upande wa kile kisu, wanatetemeka.

Akamvuta Matonya nyuma ya zizi.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "hicho umekitoa wapi?"

"Korongoni. Kuna mgeni."

"Alikuwa amekaaje?"

"Amejikunja."

Mbwana akafunga macho. "Astaghfirullah. Alikupa mkononi?"

"Mkononi."

"Huyo kwetu tunamjua, ila hatumtaji. Alimchukua shemeji yangu kwa ajili ya ng'ombe wa jirani. Alitaka jina?"

"Alitaka."

"Ukampa la nani?"

Matonya akatazama huku na huku. "La Yotham."

"Ulisema *Yotham*?"

"Mimi si mjinga, Mbwana. Nilitaja lile la nyumbani, alilopewa na mkunga."

"La nyumbani analoitwa nani?"

Matonya akafungua kinywa kujibu.

Kikabaki wazi.

Mnacheka. Mimi pia mara ya kwanza nilicheka. Lakini mtu akikaa miaka anachungulia nyumba ya mwenzake, siku moja anasahau kwamba na yake ina mlango. Kwa siku nzima Matonya alikuwa hajajifikiria hata mara moja. Kichwani mwake alikuwemo Yotham tu, na kidole cha Yotham, na kisu cha Yotham, na kaptula ya Yotham.

"Mungu wangu," akasema Mbwana polepole, alipoona rangi ya uso wake. "Umejiuza."

Mbwana akamshika mkono.

"Sikiliza. Lipo la kufanya, moja tu. Anaita mara tatu. Asipoitikiwa hata mara moja, anaondoka, na hana ruhusa ya kurudi. Shemeji yangu aliitika kwa ulevi. Wewe usiitike. Na huyo mwenzako lazima aambiwe, kwa sababu jina ni lenu wote."

"Nimwambie nini?"

"Ulichofanya."

Kile kisu wakakiacha nyuma ya zizi, chini ya jiwe. Walipokuwa wanaondoka wakasikia, chini ya jiwe pale, kikijifungua na kujifunga. *Tak... tak...* Kama mtu anayengoja na kuuma vidole.

Jioni ilipokaribia walikuwa wanne ndani ya tembe la Yotham, mlango wa miti umefungwa kwa kamba. Yotham, Mbwana, Dorkasi aliyekataa kubaki nyumbani, na Matonya, ambaye alikuwa amemaliza kusema na sasa anatazama majivu.

Yotham akasogea karibu naye.

"Kwa ajili ya kidari, somo?" akauliza.

"Kwa ajili ya... Ndiyo."

"Ungesema tu, ningekuachia. Mimi kugawa nyama hata sijui. Umeona kidole changu." Akakionyesha, kimefungwa kitambaa. Kisha akaweka mkono begani mwa Matonya. "Yamepita. Tutakaa hapa, tutanyamaza, kesho tutacheka."

Dorkasi akafuta machozi. "Wewe Yotham una moyo," akasema.

Na Matonya, badala ya kushukuru, alisikia ule mfupa ukijigeuza kooni. Hata msamaha, jamani. Hata msamaha wake ulikuwa mzuri.

Mbwana akawaonyesha wanachotakiwa kufanya. Yotham akajaza shuka kinywani, akaonekana kama mbuzi aliyeiba nguo, na hakujali. Matonya hakutaka kuonekana hivyo mbele ya mkewe. Akachukua maji kwenye kata, akajaza mashavu. Mtu mwenye maji kinywani haitiki.

Kwenye nyufa za mlango mwanga ulikuwa mwekundu. Nje mbuzi walinyamaza, wote kwa pamoja.

Ikaja harufu ya mvua.

Kisha, kama ngazi inayokunjuliwa...

*Tak. Tak. Tak.*

Nje ya mlango.

"Matonya."

Sauti ya kawaida. Kama jirani anayeomba moto. Maji yakacheza kwenye mashavu ya Matonya, yakatulia. Yotham alikuwa ameng'ata shuka, macho ameyafumba. Mbwana alikuwa anahesabu tasbihi kwa vidole bila kutoa sauti.

Wakangoja.

"Matonya, mwanangu, nifungulie. Miguu inaniuma."

Ilikuwa sauti ya mama yake, aliyezikwa mwaka wa ndui. Hata ule mkwaruzo wake wa ugoro ulikuwemo. Machozi yakamshuka Matonya, yakafika kidevuni. Lakini mashavu hayakufunguka. Dorkasi akamshika mkono, akamminya, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama kama mwanamume.

Mbwana akainua vidole viwili. Kisha akainua kimoja. Imebaki moja.

Kimya.

Kimya kirefu... Mwanga kwenye nyufa ukawa mwembamba kama uzi. Kitu kilikuwa kinapumua juu ya paa, au pembeni, au kote. Matonya akaanza kuamini. Yotham akafumbua macho.

Ndipo sauti ikaja, chini kabisa, kwenye ufa wa kizingiti, yenye adabu na utulivu.

"Akina Matonya mmo wawili humo. Mimi namtaka mmoja. Namtaka Matonya aliye bora."

Hakuna aliyesema neno. Hakuna aliyetikisika.

Ila macho hayana kamba. Mbwana alimtazama Yotham. Ilikuwa mara moja tu, upesi kama mjusi anavyovuka njia, kisha akayarudisha macho chini.

Na Dorkasi, mkono wake bado umeshika mkono wa mumewe, naye alimtazama Yotham.

Matonya aliona yote mawili.

Kimya kilikuwa karibu kumalizika. Alichotakiwa kufanya ni kukaa. Kukaa tu, pumzi mbili tatu, ale ugali, azeeke. Alilijua hilo. Lakini ndani ya kimya kile alisikia jibu lililokuwa linasubiriwa, alisikia jina la mwingine likikaa mahali pake, kwenye mlango huu, kwenye nyama ile, kwenye macho ya mke wake, milele na milele, na hata mauti yenyewe ikija kuchagua inakuja kumchagua *yule*.

Maji yakaruka kinywani mwake yakaingia motoni. *Shhhhh!*

"MIMI HAPA!"

Dorkasi alipiga yowe. Yotham, mdomo umejaa shuka, alimrukia, akashika hewa. Kamba ya mlango, ile kamba ya magome aliyoichuna Matonya mwenyewe, ikaachana bila kukatwa. Matonya akatoka amenyanyua kifua, kama bwana harusi. Akasimama nje kwenye ule mwanga mwekundu wa mwisho. Wao waliona mgongo wake tu. Walimwona anainua uso juu, juu zaidi, juu sana, kama mtu anayepima kimo cha mti kwa macho.

Akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe si..."

*Tak.*

Mlango ukajifunga.

*Tak. Tak. Tak. Tak.* Zikawa nyingi, za haraka, nyingi kuliko viungo vya mtu.

Walipotoka, nje kulikuwa bado na mwanga wa kutosha kuona. Uwanja ulikuwa mtupu. Mbuzi walikuwa wamerudi kutafuna. Mahali aliposimama Matonya palikuwa na shuka lake, limekunjwa. Limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama zile nguo za Wahindi madukani, halizidi ukubwa wa mkeka wa kusalia.

Yotham akainama kuliokota.

Halikuinuka.

Akaweka mikono miwili, akajaribu tena. Kisha akamtazama Mbwana. Mbwana akaja, akashika upande wa pili. Wanaume wawili wenye nguvu zao, mmoja amevunja mawe ya reli miaka miwili, mwingine anapakia punda kila siku, waliinua lile shuka huku mishipa ya shingo imewatoka. Walipumzika mara tatu kabla ya kufika kwa mzee Chibago.

Mzee alilitazama bila kuligusa.

"Msilikunjue," akasema.

Walichimba shimo fupi kwa upana, refu kwa kina, kama la mtu mzima anayezikwa amekaa. Walipotaka kuliweka, wakakwama, maana maiti ina desturi yake, kichwa kina upande wake, na hapo hakuna aliyejua kichwa kiko upande gani. Wakaligeuza hivi. Wakaligeuza vile. Yotham alikuwa analia waziwazi, analia kama mtoto, anasema, "Somo, somo, niambie basi."

Dorkasi akapiga magoti pembeni ya shimo. Akaweka kiganja juu ya shuka. Akakaa hivyo, kiganja hakitikisiki, mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Baba," akamwita mzee Chibago, kwa sauti ya chini kabisa. "Ana joto. Na hapa... hapa panapanda na kushuka."

Mzee hakumtazama.

"Fukieni," akasema. "Fukieni upesi."